Sakafu Iliyooga Maji Matamu

Nyumba yangu ya Mtopanga niliijenga kwa mikono hii, na anayebisha aje aione. Sikusaidiwa na mtu. Shule niliacha darasa la nne, nikatoka kwetu Kaloleni na suruali moja, nikabeba kokoto Changamwe, nikachanganya simiti Likoni, mpaka siku fundi mmoja wa vigae aliponiambia, "Wewe una jicho. Kaa hapa utazame." Nikakaa, nikatazama, na miaka mitatu baadaye ni yeye aliyekuwa akinijia kuomba kazi. Mpaka leo ukiingia nyumba za maana kuanzia Frere Town hadi Bamburi, ukaona sakafu ambayo mistari yake imenyooka kama uzi uliovutwa, uliza ni nani aliyeiweka. Kuandika kwangu ni kwa shida, haya mnayosoma yamenitoa jasho, lakini sakafu nikiipitisha jicho mara moja tu nakwambia palipoinama.

Kwa hivyo nilipojenga yangu sikufanya mchezo. Niliweka vigae vyeupe, vikubwa, vya kung'aa, sebuleni, vyumbani, jikoni, bafuni, hata kwenye ngazi tatu za barazani. Wateja wangu siku zote nawaambia bafuni waweke vile vya kukwaruza, vinavyoshika mguu. Kwangu nikasema la, kwangu pote pang'ae, mgeni akiingia ajione uso wake chini.

Nyumba ya namna hiyo haijitunzi. Niliiwekea sheria. Viatu vinabaki langoni. Miguu inaoshwa kwenye bomba la uani, tena kwa brashi, halafu unavaa champali za ndani ambazo hazitoki nje. Makochi yalikuja na nailoni yake kutoka dukani, na nailoni hiyo haikuguswa. Madirisha ya mbele yalifungwa kwa sababu barabara yetu ni ya mchanga na bodaboda zinapita kutwa. Hakuna kula sebuleni. Watoto wangu wote walikulia jikoni, kwenye kibao, wakichungulia televisheni mlangoni.

Watu walikuja wakasifu. Walisimama mlangoni wakasema, "Ehee, hapa jasho la mtu limelala." Halafu wakaaga wakaenda zao. Nilidhani ni heshima.

Ugonjwa wa fundi wa vigae uko magotini. Sisi kazi yetu ni kupiga magoti kuliko padri. Mwaka jana goti langu la kulia lilivimba likawa kama dafu, nikapelekwa hospitali, daktari akalitoboa kwa sindano akatoa maji, akaufunga mguu mzima ukanyooka kama mpini. Akaniambia wiki sita usikunjwe.

"Na kazi yangu?" nikamwuliza.

"Kazi yako ina mafundi. Goti hili lina wewe peke yako."

Nikarudi nyumbani na magongo mawili. Wiki hiyohiyo binti yangu wa kwanza, aliyeolewa Changamwe, akajifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wangu wa kwanza.

Sasa sisi kwetu, uzazi wa kwanza mtoto wa kike hurudi kwao. Hukaa siku arubaini na mama yake, akikandwa kwa maji moto, akinyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto anaanza dunia mikononi mwa babu na bibi. Chumba nilikuwa nimekitayarisha mapema. Nilikipaka rangi, nikanunua kitanda cha mvule, nikabadilisha pazia. Nilikuwa nimetangaza dukani, nimetangaza kanisani, nimewaambia hata watu wa mikokoteni ya maji kwamba mjukuu wangu ataanzia kwa babu yake, juu ya vigae. Mtu aliyelala juu ya karatasi za simiti akiwa kijana, mjukuu wake aanzie pale. Hicho ndicho nilichokitaka, na sikuwahi kutaka kitu zaidi.

Mke wangu alirudi kutoka hospitali saa nne za asubuhi. Mimi niko kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, shati nimelipiga pasi.

"Wamefika?" nikamwuliza.

"Wamefika Magogoni. Kwa dada yako."

"Wamepita kusalimia?"

"Wamefika, baba watoto. Ndiko atakakokaa."

Nilidhani ananitania. Dada yangu ana nyumba ya vyumba vitatu, sakafu ya simiti, paa la mabati, kuku wanaingia na kutoka. Nikamwambia, kuna nini huko ambacho hapa hakipo? Akavua mtandio, akaukunja polepole.

"Amesema hapa hapana pa kukaa."

"Na makochi haya?"

"Yamevaa nailoni."

"Na chumba? Na kitanda cha mvule?"

"Kutoka kitandani mpaka bafuni ni vigae. Anaogopa kutembea humu na mtoto mkononi." Akanitazama. "Au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Alikuja kututembelea akiwa na mimba ya miezi saba. Akatoka jikoni na sufuria ya maji, chini kulikuwa na unyevu, miguu ikaruka. Alianguka kiubavu, sufuria ikagonga sakafu kwa mlio ambao ulisikika mpaka nje. Mimi nilitoka chumbani mbio. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu, mbele ya mke wangu na mbele ya mkwe wangu, lilikuwa, "Kigae kimepasuka?" Ndivyo nilivyosema. Fundi akisikia mlio ule ulimi unatangulia. Nilimwinua baadaye, nikampeleka hospitali kwa gari langu mwenyewe, hakuwa na neno, mtoto tumboni hakuwa na neno. Nilidhani kule kumpeleka kwa gari kulifuta neno lile la ulimi.

"Basi mwambie nitaweka mazulia," nikasema.

"Mimi namfuata," akasema mke wangu. Alikuwa ameshaanza kutia kanga kwenye mkoba. "Chakula nitakuletea kila asubuhi."

"Na mimi nibaki na nani? Watoto wengine wako bweni."

"Wewe si una nyumba."

Akafunga lango la chuma, nikasikia komeo.

Hapo ndipo nilipoijua nyumba yangu. Siku ya kwanza nilitaka kwenda msalani, nikasimama, nikatia magongo chini, na yale magongo yakateleza kama yamepakwa samli. Mipira ya chini haikuwa na pa kushika. Nikaanguka kwenye kochi nikashukuru Mungu kwamba si sakafuni. Kuanzia siku hiyo nikawa nafuata ukuta, hatua nusu, hatua nusu, kiganja kimebandikwa kwenye rangi. Kutoka kochini hadi msalani ni vigae kumi na vinne. Nilivijua kimoja kimoja. Wiki ya pili ukuta wangu mweupe ulikuwa na mstari wa viganja, kama nyumba ya wendawazimu.

Na joto. Nani alijua sebule yangu ina joto? Mimi nilikuwa nikiingia jioni, naoga, nakula, nalala. Sasa nimekaa humo kutwa, madirisha yamefungwa, grili nene niliyoichomelea mwenyewe, pazia zito, feni inazungusha joto lilelile. Mgongo unaganda kwenye nailoni. Ukijiinua, ngozi inabanduka na sauti kama mtu anachana kitambaa. Ukitoka jasho, halina pa kwenda, linakaa chini yako, unaketi ndani ya jasho lako. Nilijaribu kutandika shuka juu ya nailoni. Shuka likateremka, nami nikateremka nalo.

Mke wangu alikuja asubuhi na bakuli la mchuzi, wali, na chai kwenye chupa. Alikuwa na haraka, anataka kurudi kumkanda mzazi. Namwuliza mtoto yuko vipi, ananijibu akiwa amesimama, "Mzima, analia kama wewe," huyo anakwenda. Kwa nini asikae? Nilimwambia akae kidogo. Akaliangalia kochi, akaniangalia mimi, akasema jasho linamtosha la jua.

Siku ya nne vumbi lilionekana. Sijui lilipita wapi, kila kitu kimefungwa. Kulikuwa na duara nyeusi za mipira ya magongo kila mahali, kulikuwa na punje za wali nilizoangusha, na siafu wadogo wale wekundu wamepanga foleni kutoka chini ya mlango. Nikajiambia, mimi ni fundi. Sakafu hii nimeizaa. Kuipiga deki ni kazi gani? Nitaing'arisha, mama watoto akija atakuta kioo, atampelekea binti yangu habari, na binti yangu atasema kumbe Baba anaweza. Wataondoka Magogoni siku hiyohiyo.

Nikachota maji ya bomba, ndoo moja, nikaisukuma kwa gongo. Nikakaa juu ya kigoda, mguu mmoja umenyooka mbele kama mzinga, tambara mkononi, nikawa najisukuma kinyumenyume na kufuta ninapotoka. Kazi ile ilinichukua kutoka baada ya chai hadi adhana ya adhuhuri. Mgongo ulilia. Lakini nilipofika ukutani nikatazama mbele yangu, wallahi, ilikuwa inang'aa mpaka nikacheka peke yangu.

Halafu ikakauka.

Ilikauka na utandu mweupe, mawimbi mawimbi, kama mtu amemwaga maziwa akayapangusa kwa mkono. Nikasema sabuni ilikuwa kidogo. Kesho yake nikaongeza sabuni. Ikakauka vilevile, mbaya zaidi. Siku ya tatu nikatia dawa ile ya kuoshea vyoo, macho yakaniwasha nusu nikimbie, na pa kukimbilia sina. Ikakauka nyeupe. Miaka tisa sakafu hiyo ilikuwa ikinionyesha uso wangu, na sasa imekataa kuniona.

Siku hizo tatu mke wangu alikuwa akiniachia bakuli barazani kwa haraka yake; asubuhi ya nne aliingia, akasimama mlangoni, bakuli mkononi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kizingiti.

"Umepigia maji gani, mzee?"

"Ya bomba."

"Ya kisima?"

"Kwani kuna mengine?"

Kisima chetu ni cha chumvi, kama visima vyote vya upande wetu. Nilikichimba mwenyewe, tangi juu, pampu, bomba kila chumba. Maji matamu yanakuja na mkokoteni, kwenye mitungi, asubuhi. Haya nilikuwa nayajua.

"Maji ya kisima yakikauka yanaacha chumvi," akasema. Hakuwa akicheka tena. "Kila siku huwa napiga mara mbili. Kwanza ya kisima na sabuni. Halafu nasuuza kwa maji matamu, mtungi mzima. Ndipo inang'aa unavyopenda."

"Ule mtungi si wa kuoga?"

"Mtungi wako wewe ndio wa kuoga. Wa kunywa ni wa kunywa. Ule wa tatu ni wa sakafu."

"Na nyinyi mnaoga wapi?"

"Bombani."

"Ya chumvi?"

"Ya chumvi."

"Tangu lini?"

"Tangu vigae."

Nilitafuta neno la kujitetea. Nikakumbuka mengine. Binti yangu alipokuwa msichana alikuwa akijikuna mikono na shingo, ngozi imekauka kama samaki wa ng'onda, na mimi nikamnunulia mafuta. Nilikuwa nikijisifu nayo mafuta hayo, ya mkebe mkubwa, kwamba baba gani mwingine Mtopanga nzima anamnunulia mtoto mafuta ya mkebe mkubwa. Nywele za mke wangu zilikuwa zikikatika, naye akawa anafunga kilemba. Na sakafu inaoga maji matamu.

"Mbona hukuniambia?" nikasema. Ndilo neno nililolipata.

"Ningekuambia ungesema nini? Ungeleta mtungi wa nne na sheria nyingine." Akaweka bakuli juu ya meza. "Kula, kinapoa."

Alipokwenda sikula. Nilikaa pale nikiitazama sakafu na utandu wake, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba nikifa humu watu watanikuta safi. Siandiki hivi ili nihurumiwe. Mimi sihurumiwi. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: lango lina komeo, madirisha yana grili, magongo yanateleza, na kila kitu kati ya hivyo nilikinunua mimi nikakifunga mimi.

Mchana ule nikachukua kisu cha kukatia kamba za makasha ya vigae, nikakipitisha kwenye nailoni ya kochi kubwa. Nilikata kama mtu anayechinja. Ilipofunguka ikatoka harufu, kwanza sikuielewa. Kisha nikaona. Kochi lote lilikuwa na kawa. Madoa meusi kutoka juu hadi chini, mengine yameota manyoya. Jasho la wachache waliowahi kuketi na unyevu wa pwani yetu vilikuwa vimefungiwa humo miaka tisa. Nikakata la pili, nikakata la tatu. Yote hivyo. Kochi ambalo hakuna mtoto wangu aliyewahi kulirukia lilikuwa limeoza likiwa jipya.

Nikacheka, nikatukana kwa Kigiriama, nikacheka tena. Halafu kwa ncha ya gongo nikasukuma makomeo ya madirisha ya mbele, moja baada ya jingine. Upepo ukaingia na vumbi lake, na kelele za bodaboda, na mama muuza viazi akimwita mtu. Nilikuwa sijui kwamba kutoka kwangu mtu anaweza kumsikia yule mama.

Kesho yake nikawaita mafundi wangu wawili. Nikawaambia wavunje vigae vya bafuni na vya ngazi, waweke vile vya kukwaruza, vya rangi ya udongo. Nilikaa mlangoni kwenye kigoda nikisimamia. Kusimamia nyundo ikivunja kazi yako mwenyewe si mchezo, kila kipigo kilinipata kifuani.

"Mzee," akasema mmoja, "hivi si ndivyo ulivyotuambia ni vya vyoo vya stendi?"

"Weka."

"Tunaweka, mzee. Tunauliza tu."

"Uliza ukiweka."

Walikuwa wakibana vicheko, niliona mabega. Makochi wakayatoa nje juani, tukayapiga kwa fimbo, tukayasugua kwa ndimu na chumvi, mawili yakapona kidogo. Sebuleni nikatandika mikeka ya mkindu na jamvi kubwa. Mambo yote hayo niliyafanya kwa siku tano, mguu umenyooka. Hakuna mgonjwa mwingine ambaye angeyafanya.

Mke wangu alipokuja aliyaona yote hayo. Alivua viatu, akatembea bafuni, akatia maji, akakanyaga, akakanyaga tena. Akarudi akaketi kwenye kochi. Aliketi kabisa, akaegemea.

"Mwambie nimefungua," nikasema. "Mwambie kuna mikeka. Siku ishirini na tano zimebaki, azimalizie hapa. Mtungi wa tatu ni wake na mtoto."

"Nitamwambia."

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimeshaoga, kwa maji ya kisima, kabla lango halijagongwa. Maji yale yanavuta ngozi usoni kama simiti inayokauka. Mke wangu aliingia, akaketi kwanza, nikajua.

"Amefurahi," akasema. "Amesema Baba asante. Lakini amesema mtoto ameshazoea pale. Analala vizuri, maziwa yanatoka vizuri. Hamhamishi."

"Hamhamishi."

"Arubaini ikiisha mumewe atamchukua Magogoni, moja kwa moja mpaka Changamwe."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema mimi ni baba yake na ile nyumba ya dada yangu paa lake nililiezeka mimi, na ni kweli nililiezeka mimi. Nikaona haitamhamisha. Nikamwita fundi mwenye pikapu, nikamwambia anipeleke Magogoni.

Dada yangu alinikuta langoni kwake, ameshika kiuno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mfalme wa vigae! Leo umeshuka kwenye simiti ya maskini? Utateleza?"

"Niachie, dada. Mguu huu."

"Ingia na viatu vyako, bwana. Hapa hatusomeshi sheria."

Viatu nilivivua. Sakafu yake ya simiti ilikuwa imefagiliwa, imepoozwa kwa maji, milango ya mbele na ya nyuma iko wazi na upepo unapita katikati kama mtu wa nyumba. Palikuwa na harufu ya pilipili manga na ubani. Hapakuwa na kochi. Binti yangu alikuwa kwenye mkeka, amejifunga kanga kifuani, uso umejaa, ngozi imelainika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

Nikashushwa kwenye mkeka, fundi huku na dada yangu kule, mguu ukatangulia. Nilipokaa tu, binti yangu akaniwekea mtoto mapajani bila kuniuliza. Alikuwa mwepesi kuliko kigae kimoja. Akanikunjia uso, akapiga mwayo, akalala.

Nilikuwa na hotuba. Nikasema, "Maji yale. Sikujua."

"Najua, Baba."

"Ungeniambia."

"Nilikuwa mtoto, Baba. Mtoto anajua maji ni maji." Akarekebisha kanga ya mwanawe. "Na siku ile nilipoanguka sikuwa mtoto. Ile ndiyo iliyoniuma."

"Ile ulimi ulitangulia."

"Ndiyo. Na mimi nikatangulia huku."

Nikamwuliza, arubaini ikiisha atakuja japo siku moja alale? Akafikiri. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru. Akasema kulala bado. Jumapili moja watakuja, yeye na mumewe na mtoto, wakae mchana kwenye mikeka, halafu waone.

"Mchana tu?"

"Mchana tu, Baba."

Nikasema sawa. Mtu aliyeanza na kokoto anajua kupokea kidogo.

Fundi wangu alikuwa ameondoka kwenda kununua vifaa. Mtoto amelala mapajani, mguu umenyooka, sina pa kushika nijiinue. Goti linauma, mbu mmoja ananizunguka sikio, na siwezi kumpiga. Nikamwambia binti yangu, "Mchukue, nijisogeze kidogo."

"Usimsogeze, Baba, ndiyo kwanza amepata usingizi."

Dada yangu akaja na ufagio wa chelewa. Alifagia chumba, akafika kwangu, akafagia kuzunguka mguu wangu, akafagia kuzunguka kiuno changu, akaniinulia ncha ya shati akapitisha ufagio chini yake, bila kunitazama, kama anavyozunguka kabati. Mke wangu yuko jikoni anakoroga uji. Nikakaa.